Kiti Kisicho na Vishikio

Shaame, aliyemvunja mkewe Mize uti wa mgongo kwa mchi wa kinu, ndiye aliyempeleka dukani kuchagua kiti cha magurudumu cha umeme.

“Chukua chenye vishikio vya nyuma,” alisema, “nikusukume ninapotaka mimi.”

Mize alimgeukia muuzaji. “Kaka, kipo kisicho na vishikio?”

Kilikuwepo. Muuzaji alimsaidia kuhamia. Ndipo Shaame alipomkaba shingo kwa nyuma. Mize alisukuma kijiti cha kuendeshea, kiti kikaruka mbele, na ushungi wake ukabaki mkononi mwa mumewe.

Shaame alikimbia akauziba mlango. “Simama, mwanamke.”

Hakusimama. Gurudumu lilipanda mguu wa Shaame wenye kandambili, mifupa ikalia kama kuni kavu.

Nje, mstari mwekundu wa gurudumu ulirefuka nyuma yake juu ya saruji.