Mashine Iliyomwogopa Mtu wa Nairobi

"Mama Kisilu, kwani hiyo mashine yenu inamwogopa huyo mtu wa Nairobi?"

Aliyeuliza ni Ndululu, muuza mandazi wa mlango wa pili, akiwa ameegemea dirisha la ofisi ya mradi wa maji wa kanisa, pale Mukuyuni, mwaka wa tisini na nane. Alikuwa ameona mambo. Ndinda, huyo Mama Kisilu, akikaa kuandika majina ya vikundi vya wachimba mabwawa, kompyuta inazimika yenyewe. Akipiga simu Nairobi, inakuwa pole kama kondoo.

"Hata mtoto mtundu hutulia akisikia mwalimu," Ndinda alijibu, asiinue macho.

Alikuwa mjane, mshika funguo wa ofisi na mwandishi wake pia. Kilichowekwa chini ya mkono wake alikitunza. Sakafu aliinyunyizia maji kabla ya kufagia. Kompyuta aliivika kitambaa kizito cha uzi alichokifuma mwenyewe, kikaning'inia mpaka nyuma, vile alivyoivika redio ya marehemu nyumbani. Vumbi la Mukuyuni halipigi hodi.

Mtu wa Nairobi aliitwa Thuo, fundi wa kampuni iliyoleta mashine. Hawakuwa wameonana. Alimfundisha kwa simu namna ya kumfungulia njia ya kuingia kwenye mashine akiwa kule kule Nairobi: atoe waya kwenye simu, auchomeke nyuma ya mashine, kisha angoje. Mashine ingelia kama mbuzi aliyebanwa na mlango, halafu inyamaze. Hapo mshale kwenye kioo ungeanza kutembea bila mkono wa mtu.

Mara ya kwanza Ndinda aliukemea kwa jina la Yesu. Siku hizi aliungojea.

Waya ulikuwa mmoja, kwa hivyo Thuo akishaingia hawakuweza kusikiana. Waliandikiana pale kwenye kioo, Ndinda kwa kidole kimoja.

"Niko ndani," Thuo aliandika. "Mashine imesukumwa ukutani?"

"Hapana."

"Kuna kitu kimeziba matundu ya nyuma? Inataka pumzi."

Ndinda aliinuka, akachungulia. Kitambaa kilikuwa kwenye kiti cha pili, alikokiweka alipokuwa akichomeka waya. Mgongo wa mashine ulikuwa wazi. Hakuwa mtu wa uongo.

"Hakuna kitu."

"Ajabu. Mimi naiona nzima kabisa."

Mshale ulifungua hiki, ukafunga kile. Kazi ilipokwisha, haukuondoka. Ulizungukazunguka tu kwenye kioo, kama ng'ombe asiyetaka kuingia zizini.

"Huko mmepika nini leo?"

"Muthokoi. Wewe je?"

"Chai."

Ndinda alimhurumia. Mtu wa kazi nyingi hivyo, hata nafasi ya kula hana, na huko nyumbani mkewe amemfunikia sahani inapoa.

Yeye mwenyewe hakuwa na wa kumfunikia. Kisilu, mwanawe, alikuwa Mombasa na alionekana Krismasi. Tangu mzee alipozikwa, hakuna aliyemuuliza amepika nini, ila mshale huo.

Thuo akishaaga, Ndinda alichomoa waya, akaivika mashine kitambaa chake vizuri. Kesho yake ikazimika tena. Jioni alipiga magoti kando ya kitanda, akaombea wagonjwa wa kanisa, akamwombea Kisilu, akaiombea na kompyuta ipone, maana kazi ya Mungu ilikuwa inachelewa. Lakini akiombea kompyuta, Amina ilikuwa nzito kutoka.

Ndipo kampuni ikamtuma Thuo aje mwenyewe.

"Leo bwana harusi anashuka!" Ndululu alipiga kelele basi liliposimama. "Mama Kisilu, umejipaka mafuta?"

"Ndululu, mandazi yako yanaungua."

Aliyeshuka hakuwa kijana. Alikuwa mzee wa nywele nyeupe, na kifungo kimoja cha koti lake kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, kwa mkono usiojua sindano. Alimsalimia Ndinda kwa mikono miwili.

"Mama, nimetumwa nimalize jambo hili. Nikiupata ugonjwa leo, hutahitaji kunipigia tena."

"Na usipoupata?"

"Basi nitaendelea kuitibu kutoka kule."

Ndinda aliiwasha mashine, akamwachia kiti, akaenda kuchukua chai kwa Ndululu. Ilibidi angoje maji yachemke. Aliporudi na kikombe, Thuo alikuwa amesimama nyuma ya mashine, mkono wake ukiwa chini ya kitambaa. Aliutoa haraka, kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Hiki umefuma wewe?"

"Ni mimi."

"Huwa kiko hapa siku zote?"

"Siku zote. Isipokuwa nikikupigia wewe. Hapo nakitoa ndio nifikie waya."

Alijisikia akiyasema hayo, na kabla hajamaliza alikuwa ameelewa. Ugonjwa ulikuwa umepatikana, tena kwa mdomo wake mwenyewe. Aliweka chai mezani, akafunga mikono yake ndani ya leso, akangoja aambiwe.

Thuo alikitoa kitambaa, akakikunja mara mbili. Mashine ilivuma, ikipumua. Alikunywa chai yake yote taratibu, akiwa amesimama, akiangalia jinsi uzi ulivyopishana.

Kisha akakikunjua. Akakitandaza tena juu ya mashine, akakivuta nyuma mpaka matundu yote yakafunikwa, akalainisha pindo zake kwa kiganja. Akachukua mkoba wake, akatoka kwenda kungoja basi.