Mbwa Aliyerudi kutoka kwa Fundi

Akale alizinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi, macho yakiwa bado ya manjano. Daktari alikuwa amempitisha mpira wenye kamera mdomoni hadi kwenye mfereji wa nyongo, akavuta vipande vya utando mweupe vilivyokuwa vimeuziba, laini kama ngozi ya yai la kuchemsha.

"Mama, hii ni minyoo ya mbwa. Imejijengea vifuko kwenye ini lako miaka na miaka."

"Mbwa gani, daktari? Wa kweli si walipigwa marufuku? Wanaotulelea watoto siku hizi ni wa mashine."

"Minyoo haikai ndani ya mashine, mama. Mbwa wa kweli huipata kwa kula maini mabichi, kisha humwambukiza mtu kwa ulimi wake."

Akale alikumbuka mbwa wao wa mashine alivyoharibika miaka mingi nyuma, Ewoi mumewe akampeleka kwa fundi mjini na kurudi naye mchangamfu kuliko zamani. Tangu hapo, kila wakichinja mbuzi, Ewoi hataki kusaidiwa kwenda kuzika maini na matumbo.

Alimpigia simu. "Ewoi! Mtoto yuko wapi?"

"Yupo hapa mlangoni, anacheka tu. Amejinyea, mbwa anamlamba."