Chai Isiyo na Asali

Shangazi alipiga funda la chai ya kijani, akameza bila kukunja uso. Kauthar akashangaa. Huyu ndiye aliyeuza asali kule Itigi miaka thelathini, na hata uji hakuunywa bila kutia asali.

"Shangazi, asali hii hapa."

"Acha, mwanangu. Itaua nguvu ya majani."

Tangu bidhaa za nje ziruhusiwe, duka la Kauthar pale Singida mjini halikukosa majani hayo. Kila pakiti ilikuja na karatasi ya Kiingereza, na ni yeye aliyewafasiria wateja: majani haya huzuia saratani ya titi.

"Kwani unaumwa?"

Shangazi alimshika mkono, akaupitisha chini ya khanga, akaukandamiza kwenye titi la kushoto. Vidole vikagota kitu kigumu, kikubwa kama kokwa la embe.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu. Nakunywa asubuhi na jioni, sijakosa hata siku moja. Hospitali nikaona ya nini." Akatoa karatasi kwenye pindo la khanga, imechakaa kwa kukunjwa. "Hebu nisomee tena. Labda kuna mahali nimekosea."

Kauthar akaikunjua. Mstari wa kwanza ulisema wataalamu bado wanachunguza, uhakika haujapatikana. Dukani alizoea kuuruka, maana uliwavunja wateja moyo.

Safari hii alianzia hapo.