Tambi za Mchana wa Ramadhani

Siku hizi, usidhani nakuongopea, mkifunga ndoa ndimi zenu zinaunganishwa: anachokula mume, mke anakionja hata akiwa mtaa wa tatu. Basi mchana mmoja wa Ramadhani, Mzee Shaweji alijipenyeza nyuma ya pazia la kibanda cha Chen, Mchina wa Ngamiani, akaagiza tambi za kukaanga.

“Na mama je, mzee?” Chen akamuuliza.

“Amelala. Ulimi uliolala hauonji.”

Akala mpaka akalamba sahani.

Nyumbani alimkuta Bi Mwanakombo yu macho, anasukutua kinywa huku machozi yanamtoka.

“Tangawizi imezidi, baba Zubeda.”

Mzee akainama, asijue auweke wapi uso wake.

Magharibi ilipoadhiniwa, mkewe akamsogezea tende zote.

“Futuru wewe. Mimi nitaonja.”