Kiganja cha Unga

Haya mjukuu, nifumbulie hili: kila nikipika naiibia sufuria yangu mwenyewe, na hakuna wa kunishtaki. Mimi nani? Fikiri, nakungoja.

Jumapili moja Eliwaza, mgeni mjini, alisimama mlangoni mwa kanisa na kopo mkononi. Miaka kumi hakuwa ameingia ibadani, na aliogopa watamrudisha.

"Dada, wewe wa usharika gani?" akauliza Mama Ndeshi, mzee wa kanisa. "Barua yako ya utambulisho iko wapi?"

Eliwaza akafungua kopo tu. Lilikuwa na unga.

"Kila nikitaka kusonga ugali, kwanza natoa kiganja kimoja cha mwenye shida," akasema. "Bibi alinizoesha hivyo. Kusali nimesahau, mama, ila mkono haujasahau."

Mama Ndeshi akacheka, akavuta beseni kutoka chini ya benchi. "Basi sogea! Wenzako tumeshaleta viganja vyetu."

Eliwaza akamimina. Unga wake ukachanganyika na wa wenzake, usijulikane tena ni upi.

"Lakini hujanijibu, wewe. Wa usharika gani?"

Eliwaza akapangusa mikono, ikabaki myeupe vilevile.

"Wa hapa."