Kiapo cha Jirani

"Niape mbele ya afisa kwamba huna mtu? Mimi? Elihu, huna haya! Jana ulikula wapi?" mama jirani akamfokea mzee Elihu.

"Punguza sauti, dada. Wakijua nakula kwako watasema ninatunzwa, na madai yangu ya malipo ya mwanangu aliyefia vitani yatatupwa."

"Kwa hiyo mimi ni nani, gogo la kukalia?"

Sisi majirani wengine tulikuwa uani, tunajifanya tunafua. Hapa Kentaki, Marekani, wote tulikuwa watumwa juzi tu. Kijana wa Elihu, mtoto wake pekee, alivaa sare ya buluu ya jeshi la serikali akaenda kupigana na mabwana waliotumiliki, hakurudi. Sasa mzee hawezi hata kuinua jembe.

Afisa wa serikali wa kuchunguza madai hayo akafika na farasi wake, akamwuliza yule mama: "Mzee huyu ana mtu wa kumlisha?"

Mama akainua mkono, akaapa. "Hana. Tangu mwanawe afe, hana mtu yeyote duniani."

Elihu mwenyewe ndiye aliyetaka neno hilo lisemwe. Lakini lilipotamkwa mbele ya watu, aliinamisha kichwa. Akavua kofia, akawa anaizungusha mikononi taratibu, kidole gumba kikipapasa ukingo uliolika, kama mgeni asiyejua abishe mlango gani.

Afisa alikuwa barabarani, ameshaandika jibu, ametia mguu mmoja kwenye kikuku cha tandiko, hajapanda.

Mama akamtazama Elihu, akashindwa kuvumilia.

"We Elihu!" akaita, sauti ikafika hadi barabarani. "Maharage yanapoa. Ingia ndani ule."