Kadi Imeshatumika

Mashine ililia mara mbili, taa nyekundu ikawaka.

"Kadi imeshatumika," alisema mpokea wageni.

"Imetumiwa na nani, na mimi ndio kwanza nashuka kwenye gari?" Msusi alicheka. "Jaribu tena, dada. Labda kioo kina vumbi."

Akaifuta simu kwa upindo wa mtandio, akaisogeza tena. Kwenye kioo ua likachanua, muziki ukalia kidogo, maneno yakajitokeza kwa rangi ya dhahabu: Mama Mzazi wa Bibi Harusi. Mashine ikalia mara mbili. Taa ikawaka ileile.

Nyuma yake foleni ilianza kukohoa. Mpokea wageni, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoshuka puani, akamwomba asimame pembeni apishe wenzake.

Msusi akasogea. Kiatu kipya kilikuwa kinamng'ata kisigino, lakini gauni lilimbana kiasi kwamba hakuthubutu kuinama. Nywele alizisuka mwenyewe mbele ya kioo, kazi ngumu hata kwa mtu aliyezeekea saluni.

Kadi ile iliingia kwenye simu yake akiwa katikati ya kichwa cha mteja. Alipiga ukelele mpaka saluni nzima ikageuka. Simu ikazunguka mkono kwa mkono.

"Kumbe una mtoto!" mteja mmoja alisema.

"Ninaye, tena mtu mzima. Alilelewa kwa dada yangu. Mimi nilikuwa natafuta maisha, si unajua. Kila likizo nilikuwa napanga kwenda kumwona, kazi zinanibana."

Mteja aliirudisha simu bila kumtazama. Msusi naye hakujali. Mwanawe, aliyeacha kupokea simu zake tangu zamani, alikuwa amemtumia kadi, na juu ya kadi ameandika: "Usikose, mama." Alilisoma neno lile la mwisho mpaka simu ikaisha chaji.

Sasa alipiga namba iliyoandikwa chini ya kadi.

"Huduma kwa wateja, habari za mchana," ilijibu sauti ya mwanamume, laini kama ya mtu anayesoma.

Msusi alieleza. Akaambiwa asubiri. Muziki ukapigwa, ukakatika, ukapigwa tena.

"Mama yangu, kadi yako ni halali kabisa," sauti ilirudi. "Ila ni ya mtu mmoja, na inaonyesha huyo mtu ameshaingia. Imesomwa leo asubuhi."

"Asubuhi mimi nilikuwa kwenye basi!"

"Huenda kuna mtu alipata nakala, mama. Watu hutumiana picha za kadi."

"Sijamtumia mtu yeyote!"

"Nakuelewa, na tunaomba radhi kwa usumbufu. Sisi hatuwezi kuifungua tena. Mwenye sherehe peke yake ndiye anayeweza, kwa simu yake."

Kisha akamwomba, kwa upole uleule, abonyeze namba kuonyesha ameridhika kiasi gani na huduma yao.

Msusi alikata simu. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, na kwa mbali aliiona meza ya mbele. Bibi harusi alikuwa ameketi, amevaa nyeupe tupu, na kando yake mwanamke mwenye kilemba kirefu akimfuta jasho usoni kwa kitambaa, polepole, asiharibu poda.

"Ni yule!" Msusi alimshika mpokea wageni mkono. "Dada yangu yule! Miaka yote anataka nafasi yangu. Kamjaza mtoto maneno mpaka akawa hataki hata kusikia sauti yangu. Sasa na kadi yangu kaila!"

"Tulia, mama. Watu wanatazama."

"Watazame! Mimi ndiye niliyemzaa!"

Mpokea wageni alivua miwani. Aliliona jasho likichora mifereji kwenye poda ya Msusi, akaona haya kwa niaba ya wote.

"Subiri hapa," alisema. "Naenda kumwita mwenyewe. Mzazi hawezi kusimamishwa nje kwa sababu ya kimashine."

Msusi akajiweka sawa haraka haraka. Akafuta uso, akavuta gauni, akajaribu chini kwa chini maneno aliyokuja nayo njia nzima: mwanangu, umekua, nisamehe. La mwisho lilimkwama. Akalirudia.

Bibi harusi alitoka akiwa amelikusanya gauni kwa mikono miwili. Hakuwa na haraka. Wageni wakampisha. Akasimama upande wa pili wa kamba iliyozuia mlango, karibu kiasi cha kusikika pumzi. Paji la uso lilikuwa la Msusi, na midomo vilevile. Machozi yakamtangulia maneno.

"Mwanangu," alisema.

"Samahani kukutoa kwenye meza, bibi harusi," mpokea wageni aliingilia kati, huku akifungua ndoano ya kamba kabisa. "Mama yako kadi yake inakataa, na kampuni wanasema ni wewe tu wa kuifungua. Hizi mashine zao, jamani, zinatia watu aibu."

Bibi harusi aliweka mkono wake juu ya mkono wa mpokea wageni, akairudisha ndoano mahali pake. Macho yake hayakutoka usoni kwa Msusi.

"Mashine haina kosa, mama," alimwambia mpokea wageni. "Niliitumia mwenyewe ile kadi asubuhi, kwa simu yangu. Nilitaka tu aje mpaka hapa."